Shujaa Aliyekizuia Kisima: Kuhusu Haki ya Kumwandikia Shujaa Sura ya Mwisho

Hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ziwe za kughaniwa katika tendi au za kuchorwa katika vibonzo, zina taabu moja ambayo hadithi nyingine hazina: hazijui kufa. Shujaa asiyepenywa na mkuki wala kudhuriwa na risasi hawezi kuzeeka kama watu wengine bila ya kuacha kuwa yeye, na msimulizi anayempenda hana haraka ya kumuua. Hata hivyo, mara kwa mara hutokea msimulizi akaamua kuiandika sura ya mwisho. Makala haya yanakusudia kuuliza swali ambalo wahakiki wa fani hizi aghalabu hulipita: je, msimulizi huyo ana haki gani ya kufanya hivyo, na sura hiyo ya mwisho ni mali ya nani? Ni ya shujaa, ni ya mtunzi, au ni ya wale wanaobaki?

Tutalijadili swali hili kwa kutumia matini mbili hasa, yaani kibonzo cha Superman kilichotolewa Marekani mwaka 1986 na utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, pamoja na tamthilia moja ya Kenya iliyouzaa upya utendi huo. Tutazisoma matini hizi tukiwa tumesimama mahali pamoja ambapo si Lamu wala New York. Mahali hapo ni Habaswein.

Msomaji ana haki ya kuuliza Habaswein inahusiana nini na mambo haya. Ni mji ulio katika kaunti ya Wajir, kwenye barabara itokayo Garissa na Modogashe kwenda Wajir, na jina lake hufasiriwa kwa Kisomali kuwa ni vumbi jingi. Karibu na hapo ndipo unapokomea mto Ewaso Ng'iro. Mto huo huanzia katika nyanda za juu za Aberdare na Mlima Kenya, hupita Samburu na Isiolo, kisha hupotelea katika kinamasi cha Lorian. Ni miaka ya mafuriko tu ambapo maji yake husogea mbele kwa mkondo wa Lagh Dera kuelekea Somalia. Katika miezi mingine watu na mifugo hutegemea maji yaliyo chini ya ardhi, yale ya hazina ya Merti, yanayopandishwa kwa visima virefu. Mtu aliyekulia mahali kama hapo hasomi neno kisima kama alisomavyo mtu wa mjini mwenye bomba nyumbani. Kwa wa pili kisima ni mandhari, lakini kwa wa kwanza kisima ni sheria. Kuna zamu ya kunywesha, kuna anayetangulia na anayesubiri, na kuna aibu ya mtu anayewazuilia wenzake maji. Tunadai kwamba utendi wa Liyongo, ambao kilele chake kipo kisimani, unahitaji msomaji wa namna hiyo, na kwamba uhakiki wetu hadi sasa umekuwa wa watu wenye mabomba.

Superman na baridi ya kaskazini

Tuanze na kibonzo, kwa kuwa ndicho chepesi zaidi. Mwaka 1986 kampuni ya DC ilikuwa imeazimia kuianza upya hadithi ya Superman, ambaye alikuwa amechapishwa mfululizo tangu 1938. Mhariri Julius Schwartz alitaka hadithi ya zamani iagwe kwa heshima, na kazi hiyo akapewa mwandishi wa Kiingereza Alan Moore, michoro ikifanywa na Curt Swan aliyekuwa amemchora shujaa huyo kwa miongo mingi. Hadithi iliyotokea, katika matoleo mawili ya Septemba mwaka huo, inasimuliwa na Lois Lane miaka kadhaa baada ya mambo kutukia. Yeye sasa ni mke wa fundi mmoja wa magari na ana mtoto mchanga. Mwandishi wa gazeti amekuja nyumbani kumhoji juu ya siku za mwisho za shujaa.

Anayoyasimulia ni mauaji matupu. Maadui ambao kwa miaka mingi walikuwa kama vichekesho wanageuka wauaji, siri ya shujaa inafichuka, rafiki zake wanakufa mmoja baada ya mwingine katika ngome yake ya barafu. Mwishowe inabainika kwamba nyuma ya yote yupo kijitu kimoja cha ulimwengu mwingine ambacho kimechoka kufanya utani na kimeamua kujaribu uovu. Superman anamuua. Hapo ndipo lilipo fundo la hadithi, kwani shujaa huyu aliapa kwamba hataua kamwe, na hajipi udhuru hata mmoja. Anaingia katika chumba alimohifadhi madini yanayomwondolea nguvu zake moja kwa moja, anatoka kwa mlango wa nyuma kwenye theluji akiwa mtu kama watu, na maiti yake haionekani tena.

Kisha tunagundua, kwa dalili ndogo ndogo, kwamba fundi wa magari ndiye yeye. Mume huyo wa Lois anamsikiliza mgeni, kisha anatoa maoni kwamba Superman alikuwa amekuzwa mno na kwamba kosa lake lilikuwa kudhani dunia haiwezi kwenda bila yeye. Tunaona kwamba uzito wa kimaadili wa kibonzo hiki umo katika maneno hayo ya fundi kuliko katika vita vyote vilivyotangulia. Shujaa amejihukumu mwenyewe, amejipa adhabu ya kuwa mtu wa kawaida, na amegundua kwamba adhabu hiyo ni neema.

Hata hivyo, upo wepesi ambao lazima tuuseme. Moore aliruhusiwa kumalizia kwa sababu mwisho wake haukumfunga mtu yeyote. Mwezi uliofuata shujaa alianza upya mikononi mwa mtunzi mwingine, akiwa kijana na mwenye nguvu. Kibonzo chenyewe kinakiri tangu mwanzo kwamba ni hadithi ya kudhania tu. Biashara hiyo ilionekana wazi zaidi mwaka 1992, pale Superman alipouawa katika toleo lililouzwa kwa mamilioni ya nakala na kufufuliwa mwaka uliofuata. Kifo kisichomlazimu yeyote kumzika mfu, kugawa urithi, au kumwambia mama yake, ni kifo cha namna gani? Katika hadithi ya 1986 shujaa anaondoka kwenda kwenye baridi ambako hakuna anayeishi. Hazuii njia ya mtu, na anapotoweka hakuna anayelala na kiu. Pengine mtunzi wa vibonzo aliyeukaribia ukweli zaidi ni Jim Starlin, ambaye mwaka 1982 alimfisha Captain Marvel kitandani kwa ugonjwa wa saratani, mashujaa wenzake wote wakiwa wamesimama pembeni wasijue la kufanya na nguvu zao. Hapo angalau wapo watu chumbani.

Mtu aliyepiga magoti

Sasa tugeukie Liyongo. Mjadala wa karne aliyoishi, na kama aliishi, tunauacha kwa wanahistoria. Kwetu inatosha kwamba watu wa pwani, kuanzia Pate na Lamu hadi Kipini kwenye mlango wa mto Tana, wamemhesabu kuwa wao. Mto huo huo ndio unaopita Garissa, na katika utendi wenyewe wapo watu wa bara: Wagala wanaomwona Liyongo na kutaka mbegu yake, wakamwoza mke wa kwao, akapata mwana wa kiume. Hivyo basi hadithi hii si ya pwani peke yake. Bara imo ndani yake tangu mwanzo, kwa damu.

Muhtasari wake unajulikana. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo na kumtafutia kifo. Njama ya kumlenga mishale akiwa juu ya mkoma inashindwa, kwa kuwa anayaangusha makoma kwa mishale yake badala ya kupanda. Gereza linashindwa, kwa kuwa mama yake anamletea tupa ndani ya mkate na watu wanacheza gungu nje huku yeye akikata minyororo. Kisha mfalme anamtumia mwana. Anamwahidi cheo na binti yake, na mwana anakwenda kumuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anaitambua njama. Anamwambia mwanawe kwamba amehadaiwa na hatayapata aliyoahidiwa. Kisha, jambo la kushangaza, anamjibu swali lake: sindano ya shaba, kitovuni.

Tusimame hapa kidogo. Wahakiki wengi wameshughulikia usaliti wa mwana, na ni haki yao, lakini usaliti si fumbo, tamaa tunaijua. Fumbo ni jibu la baba. Kwa kujibu, Liyongo anaiandika sura yake ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Ameshajua mwandishi wa kifo chake ni nani, ameshajua malipo yatakuwa ya uongo, na bado anamkabidhi kalamu. Twaweza kusema ni mapenzi ya baba yasiyoweza kumnyima mtoto anachoomba. Twaweza pia kusema ni uchovu wa mtu aliyewindwa miaka mingi. Utendi hautuamulii, na ni vyema kwamba hautuamulii.

Mwana anamchoma baba usingizini na kukimbia. Liyongo anaamka, anachukua uta na mishale, anatoka mjini na kwenda kisimani. Hapo anapiga goti, anautia mshale kwenye uta, anauvuta tayari kwa kufuma, na anakufa akiwa hivyo. Watu wanaokuja kuteka maji wanamwona kwa mbali na kurudi mbio. Hakuna anayethubutu kukaribia. Siku zinapita na mji hauna maji.

Uhakiki wa kawaida unalisoma tukio hili kuwa utukufu wa shujaa: hata akifa anaogopwa, hata maiti yake ni jeshi. Usomaji huo una ushahidi wake katika matini, nasi hatuukatai kama maelezo ya hisia anazozikusudia mtunzi. Tunachokataa ni kuuchukua kuwa hukumu. Tumchukue msomaji wa Habaswein na kumwuliza anaona nini katika picha hii. Ataona mtu aliyekaa juu ya kisima na silaha mkononi. Atahesabu siku. Siku ya kwanza wanawake wanarudi na mitungi mitupu na kugawana yaliyobaki nyumbani. Siku ya pili watoto wanalia. Siku ya tatu, ikiwa ni jua la Januari, ng'ombe wanaanza kuanguka. Mbuzi huvumilia kidogo zaidi, na ngamia aweza kupita wiki, lakini mwenye ngamia hawezi. Kisha atauliza: wanawake hawa walimkosea nini? Waliokula njama ni mfalme, mawaziri wake na mwana mmoja. Mfalme hateki maji. Anayeteka ni mtumwa wa mfalme, na mama wa nyumba ya makuti, na msichana aliyecheza gungu nje ya gereza ili kelele za tupa zisisikike. Mshale wa Liyongo umewaelekea hao.

Hatuoni njia ya kulikwepa jambo hili. Katika saa yake ya mwisho Liyongo anadhulumu. Sababu yake twaweza kuikisia: mtu aliyesalitiwa na mwanawe hataki kufia kitandani ambako adui atakuja kumcheka, naye anachagua mahali ambapo mji mzima utalazimika kumtazama. Ni chaguo linaloeleweka, nalo ni chaguo la mtu anayedhani kwamba mwisho wake ni wake peke yake. Huko pwani nako, tusisahau, miji ya visiwani iliishi kwa visima na maji ya mvua. Mtunzi na wasikilizaji wake walijua uzito wa tendo hilo kuliko tunavyolijua sisi tunaolisoma darasani. Twadhani ndiyo sababu hadithi haiishii kwenye pozi la shujaa. Ingeweza kuishia hapo, na kibonzo cha siku hizi kingeishia hapo bila shaka, kwa picha moja inayojaza ukurasa: goti, uta, jua likizama. Hadithi inaendelea kwa sababu watu bado wana kiu.

Anayeitwa ni mama. Wakubwa wa mji wanamwendea wakamsihi aende kumtuliza mwanawe, wakidhani amekasirika. Katika masimulizi ya nathari aliyoyachapisha Edward Steere mwaka 1870, kama ilivyo katika utendi, mama anakwenda na kumbembeleza kwa ushairi. Hebu tufikiri hali yake. Anakwenda kumwomba mtu aliye hai, naye ni maiti. Anatumia maneno yale ambayo pengine alimlazia utotoni, mbele ya mji unaotazama kwa mbali, na hapati jibu, wala hajui kama kunyimwa jibu ni hasira au ni kitu kingine. Mji umemtuma yeye kwa sababu ni yeye tu ambaye mshale hautamfuma, yaani umemtumia mapenzi yake kama ngao. Hatimaye mwili unaanguka, na hapo ndipo yeye na mji wanapojua kwa pamoja. Katika fasihi yetu hakuna msiba ulio hadharani kuliko huu. Mama hapewi hata dakika moja ya kujua peke yake.

Lakini kisima kimefunguka. Ni kwa sababu hii tunasema kwamba sura ya mwisho ya Liyongo haikuandikwa na Liyongo, ingawa aliichagua sindano na akachagua mahali. Iliandikwa na mama yake, kwa kukaribia. Shujaa aliyeshindwa kujitoa njiani alitolewa na mtu asiye na silaha, na hadithi inamjua mtu huyo kuwa mama wa fulani tu. (Inastahili kutajwa kwamba mtumwa aliyepeleka mkate gerezani jina lake, Saada, tunalijua vizuri zaidi kuliko tunavyomjua mama. Utendi una haki zake za ajabu.)

Butangi, na mwisho uliokarabatiwa

Mwaka 2001 Kithaka wa Mberia alichapisha tamthilia ya Kifo Kisimani, ambayo baadaye iliingia katika vitabu teule vya mtihani wa KCSE, na hivyo ikasomwa na wanafunzi wa kidato cha nne kutoka Kwale hadi Mandera, wa Habaswein wakiwemo. Liyongo sasa ni Mwelusi, mfalme ni mtemi Bokono wa nchi ya Butangi, na anayerubuniwa kwa ahadi ya binti wa mtawala ni kijana Gege. Jina la tamthilia linaonyesha kwamba mtunzi alikwisha kuona pale ambapo wahakiki hawakuona: kisima kimetoka kuwa mahali pa kifo na kuwa suala lenyewe la kisiasa, maana anayetawala maji ndiye anayetawala watu. Mwishoni utawala wa Bokono unaangushwa. Kifo cha shujaa hakiwi tena sababu ya watu kukimbia kisima. Kinakuwa sababu ya wao kukidai.

Haya ni marekebisho ya kimaadili, nasi tunayapokea. Kithaka amemwondolea shujaa wake ile dhuluma tuliyoitaja, na amewapa wateka maji sauti ambayo Kijumwa hakuwapa. Tukiuliza sasa ana haki gani ya kumbadilishia Liyongo mwisho, jibu letu ni kwamba haki yake inatokana na kiu ya watu wa Butangi. Alibadili kwa ajili yao. Hakubadili kwa ajili ya umaarufu wa shujaa.

Hata hivyo tuna kinyongo kimoja. Mapinduzi yanafika upesi. Katika utendi zipo zile siku ambazo hakuna kinachotokea ila kiu na woga, siku ambazo mji wote unamtazama maiti na kumdhania mtu aliye hai, na siku hizo ni za kweli kuliko ushindi wowote. Mataifa mengi yameishi siku hizo. Yapo yaliyoishi miongo, yakizunguka kisima kwa mbali kwa sababu ya shujaa wa zamani aliyekufa zamani, mshale wake ukiwa bado umevutwa. Tamthilia inaziruka siku hizo ili ifike kwenye uhuru, na msomaji anayejua kusubiri zamu ya maji anahisi kwamba amenyimwa sehemu ya hadithi aliyoijua zaidi.

Kwa Wasomali wenyewe, walio wengi Habaswein, upo mfano mwingine wa mwisho unaokataa kufungwa. Malkia Araweelo wa visa vya kale, aliyewatawala wanaume kwa ukatili kama wasemavyo wao, aliuawa na mwana wa binti yake mwenyewe, damu ikiua damu kama kwa Liyongo. Inasimuliwa kwamba pale wanaposema ni kaburi lake, rundo la mawe huko kaskazini, mwanamume akipita hutupa jiwe na mwanamke huweka tawi bichi. Sura ya mwisho ya Araweelo inaandikwa kila apitapo mtu, na waandishi wake hawajakubaliana. Tunaukubali ukarimu wa mwisho huo. Unamwachia kila mpita njia sehemu yake, na haumzuii mtu njia.

Mtu asiyekuwa wa kubuni

Hadi hapa tumezungumzia watu wa hadithi, nao hawaumii. Swali letu linakuwa zito pale shujaa anapokuwa mtu aliyezaliwa na kuzikwa. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, abiria 28 wa basi jingine katika kaunti hiyo ya Mandera walitengwa na wenzao na kuuawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Wanawake waliwavika wenzao mitandio yao. Mmoja wa waliokataa, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi. Alifariki Nairobi tarehe 18 Januari 2016. Barabara ipitayo Habaswein ni mojawapo ya njia za mabasi hayo, kwa hiyo kwa watu wa huko kisa hiki hakikutokea mbali.

Angalia jinsi kifo hiki kinavyokataa umbo la kibonzo. Shujaa hakufa palepale, mikono ikiwa imetandazwa mlangoni mwa basi. Aliishi karibu wiki nne akiwa mgonjwa, katika siku ambazo habari nyingine zilikuwa zimekwisha kuchukua nafasi yake magazetini. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kufa. Nishani ni namna ya kuifunga sura, na si vibaya kuifunga. Lakini nishani humtazama mtu mmoja akiwa amesimama peke yake, kama Liyongo kisimani, na tendo la basi lile halikuwa la mtu mmoja.

Filamu fupi iliyotengenezwa juu ya kisa hicho mwaka 2017, chini ya uongozaji wa Katja Benrath na wanafunzi wenzake wa chuo cha Hamburg, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, iliitwa Watu Wote. Jina hilo ni la Kiswahili hata katika matangazo ya ughaibuni. Msafiri tunayemfuata tangu kituo cha basi ni Jua, mwanamke Mkristo aliyefiwa na anayewachukia Waislamu waliomzunguka. Mwalimu tunamwona kwa macho yake. Yaani sura ya mwisho ya shujaa imekabidhiwa kwa yule aliyeokolewa, ambaye hakutaka hata kukaa karibu naye. Twaona hapa jambo lile lile tuliloliona kwa mama wa Liyongo na kwa Lois Lane: anayestahili kuisimulia saa ya mwisho ni yule atakayelazimika kuishi kesho yake.

Atakayepinga atasema kwamba tunamnyang'anya mfu haki yake. Salah Farah alikuwa na mke na watoto, na kwao yeye si watu wote; ni mtu mmoja aliyetoka nyumbani na hakurudi. Pingamizi hili ni la haki na hatuna jibu linaloliondoa. Tunachoweza kusema ni kwamba wapo waandishi wa namna mbili katika jambo hili. Mmoja humchukua mfu na kumweka kisimani, uta umevutwa, ili watu wamwogope au wamwabudu wasikaribie, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayeuza maji. Mwingine humkaribia mfu kama mama, kwa maneno ya nyumbani, mpaka mwili ulale chini na watu waweze kumwosha. Familia ya marehemu, tunavyodhani, inamhitaji mwandishi huyu wa pili kama mji unavyomhitaji.

Imebaki kazi moja ambayo hatujui aliyeifanya kwa Kiswahili, si katika utendi, si katika tamthilia, si katika kibonzo. Liyongo ameanguka. Mfalme amepelekewa habari naye anashangilia, na mwana aliyedanganywa ameanza kuugua kwa majuto. Mama ameketi mchangani na kichwa cha mwanawe mapajani. Nyuma yake wamesimama wanawake wa mji, mitungi mikononi, siku kadhaa bila maji, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumpita. Atakayeichora picha hiyo itabidi aamue nani anasogea, anamwambia nini mama anapopita kando yake, na kama ndoo ya kwanza inakwenda kwa watoto au inatumika kumwosha maiti.